Zamu ya asubuhi na kitanda cha sita

Saa 1:30. Nakabidhiwa zamu. Mwenzangu wa usiku amechoka, anasema moja tu: "Kitanda cha sita, macho yameshikana tena."

Ni kaka aliyegundulika na VVU mwezi uliopita. Wiki ya tatu ya kumeza Septrini, vidonge vya kumkinga na maambukizi, homa ikapanda, midomo ikachubuka, kisha mgongo ukaanza kubabuka. Daktari ameandika Stevens-Johnson: dawa imemgeuka, ngozi inababuka. Nyumbani walisema karogwa. Siku mbili zikapotelea kwa mganga, na Septrini akaendelea kumeza.

Saa 2. Morfini ya maumivu imetangulia. Nafunga madirisha kwanza. Aliyebabuka hivi hutetemeka hata Dar ya mwezi wa pili. Shuka lililomgandia halivutwi, linaloweshwa kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, unasubiri liachie lenyewe. Plasta ni marufuku: ukiibandua inaondoka na ngozi, kama ganda la nyanya iliyomwagiwa maji ya moto. Hata kanula yake ya dripu nimeizungushia bandeji. Gozi za kufunikia vidonda nazipaka vaselini hadi zing'ae. Tunamaliza saa 4.

Halafu macho. Tone kwa tone, kope zinaachana. Tukizembea hapa, ngozi itapona yeye abaki haoni. Ratiba inataka matone kila baada ya saa mbili, nami nina wagonjwa wengine kumi na tisa. Aliyeipanga sijui alikuwa na wauguzi wangapi.

Saa 6. Uji kwa mpira wa puani. Mfuko wa mkojo umejaa vizuri, maji mwilini yanamtosha. Furaha zetu wauguzi ndizo hizo.

Saa 8. Mkewe ananivuta pembeni. "Sista, ndiyo Ukimwi unamla ngozi?"

"Hapana, dada. Mwili wake umeikataa dawa." Namweleza kwamba virusi vimeshavuruga kinga, ndiyo maana wenye VVU hupatwa na balaa hili takribani mara mia kuliko wengine. Dawa za kufubaza virusi asizibadilishe wala kuziacha kwa uamuzi wake, daktari atasema.

Saa 9. Kadi. Naandika kwa wino mwekundu: ASIPEWE SEPTRINI, FANSIDA. Fansida ya malaria nayo ina salfa, kama Septrini. Muuza duka la dawa mtaani kwao hatamuuliza kitu.

Mkewe anaisoma polepole, kisha anafungua pindo la kanga. Tembe nane za Septrini.

"Nilimtunzia," anasema, "amalizie dozi akitoka."