Marehemu hana mkataba

Mwaka 2012 ukisema unatafuta chumba Mtwara mjini watu wanakuangalia viatu kwanza, wajue we ni mtu wa gesi au ni mwenzetu. Gesi ya Mnazi Bay tulikuwa nayo siku nyingi na umeme wake tunautumia, ila zile za bahari ya kina kirefu zilivyoanza kutangazwa kuanzia 2010 ndo mji ukachanganyikiwa, kila dalali anakwambia Mtwara inakuwa Dubai, huko Shangani nyumba zinatajwa kwa dola, na sisi wa Magomeni na Chikongola tukaanza kupandishiwa kodi na watu ambao huyo mzungu wa gesi wanamuonaga tu akipita na gari.

Mi nilikuwa nakaa Magomeni, chumba na sebule, choo cha nje cha kushea, 30,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba alikuwa mzee wa Kimakonde, mpole, mchana kutwa yupo barazani na redio yake, wapangaji wote tunamwita Babu. Kazi yangu ilikuwa steshenari, kupiga fotokopi na kuchapa barua za watu, kwa hiyo tulivyokubaliana nilipe mwaka mzima kwa mkupuo, 360,000, Babu akaniambia mwanangu we si ndo wa mashine, kachape huo mkataba uje tuweke dole. Nikachapa. Tukaenda kwa mjumbe wa nyumba kumi, Babu akabonyeza dole gumba kwenye kile kidau cha wino wa bluu, akalikandamiza kwenye karatasi kwa nguvu mpaka mjumbe akamwambia inatosha mzee, alafu wino akaupangusia kichwani kwenye mvi kama wazee wote wanavyofanya. Mjumbe akasaini kama shahidi. Nakala moja yangu, moja ya Babu.

Babu akafariki, mwaka niliolipia bado nusu na zaidi.

Hata arobaini haijafika mtoto wake wa kiume akashuka kutoka Dar. Mwanzoni mpole, shikamoo kwa wakubwa, anatoa na hela ya sukari msibani. Siku ya pili yake ananigongea, "Dada, ulikuwa unakaa hapa kwa makubaliano gani?" Nikamtolea mkataba. Akausoma pale pale mlangoni akacheka. "Marehemu hana mkataba. Uliongea na mzee, mzee hayupo, sasa unaongea na mimi." Anataka 120,000 kwa mwezi, miezi sita mbele, la sivyo nimpishe kuna watu wa kampuni wanakuja kuangalia nyumba wiki ijayo. Nikamwambia kaka mimi nimelipa. Akasema kamdai uliyemlipa.

Nilirudi kazini jioni moja nikakuta kufuli jipya juu ya kufuli langu. Ndani kuna kila kitu, godoro, jiko, nguo, hata kitambaa cha mteja nilichopewa nikamshonee. Nikalala kwa jirani. Huyo jirani mtu mzima, akanishauri niende baraza la nyumba, lile la enzi za Nyerere, mwenyewe liliwahi kumsaidia. Kumbe hayo mabaraza hayapo tena, yalikuwa yanakwenda na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, na sheria yenyewe ilifutwa 2005. Ndo maana siku hizi kodi haina bei ya serikali, ni vile mtakavyokubaliana na mwenye nyumba, na ndo maana karatasi imekuwa kila kitu.

Aliyenifungua macho ni mama mmoja msaidizi wa kisheria, hao wa kujitolea, enzi hizo hata Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 bado. Alikuwa anakuja pale steshenari kufotokopi fomu zake. Akaniuliza maswali mawili tu. La kwanza, kodi umelipa? Ndiyo. La pili, huyo kijana ni msimamizi wa mirathi? Nikabaki namwangalia. Akanieleza kwamba Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 88, inasema mpangaji akilipa kodi na akishika masharti aachwe akae kwa amani, asisumbuliwe na mwenye nyumba wala na mtu anayedai kupitia kwa mwenye nyumba. "Sasa huyo anadai kupitia kwa nani? Kwa baba yake. Basi mkataba wa baba yake anaurithi na deni lake." Alafu akasema mali ya marehemu haisimamiwi na aliyewahi kushuka kwenye basi, inasimamiwa na aliyeteuliwa na mahakama.

Nikapeleka lalamiko Baraza la Kata. Wakati ule mabaraza ya kata yalikuwa bado yanaamua kesi zenyewe mradi thamani isizidi milioni 3, siku hizi tangu marekebisho ya 2021 yanasuluhisha tu, mkishindwana mnaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Na wakili haruhusiwi kusimama pale, unaongea mwenyewe, kitu ambacho kwa mtu kama mimi ilikuwa neema maana wakili ningemlipa na nini.

Siku ya shauri yule kijana kaja na rafiki yake anayejua sheria, wakamzuia nje. Yeye akaingia na hoja ambayo sikuitegemea kabisa. Akanyanyua mkataba wangu, akasema waheshimiwa huyu dada kazi yake kuchapa, huu kachapa mwenyewe, mzee wangu alikuwa hajui kusoma, hilo dole linaweza kuwa la mtu yeyote. Wajumbe wakageuka kuniangalia. Jasho lilinitoka jamani, maana kuchapa ni kweli nimechapa! Alafu akaongeza kwamba karatasi haina stempu ya TRA, mamlaka ya mapato. Hilo nalo kweli, mkataba wa pango unalipiwa ushuru wa stempu, asilimia 1 ya kodi ya mwaka, kwangu mimi ni 3,600, na mahakamani usipolipiwa haupokelewi mpaka ulipe na faini juu. Mwenyekiti akamjibu kuwa baraza la kata halifungwi na kanuni za ushahidi za mahakamani, aendelee na lingine.

Akaitwa yule mjumbe wa nyumba kumi. Mzee wa watu kaeleza vizuri, nani alikaa wapi, hela ilihesabiwa na nani, mpaka ile ya wino kichwani, watu wakacheka, hata mjomba wa yule kijana akacheka. Huyu mjomba katoka Newala na kofia yake, kakaa nyuma kimya muda wote. Kwa Wamakonde mjomba si mtu wa kupuuza.

Ndipo mama mmoja kati ya wajumbe wa baraza, kanga imefungwa vizuri kabisa, sauti ndogo, akamuuliza kijana, "Baba, barua yako ya usimamizi wa mirathi iko wapi?" Akasema mimi ndiye mtoto wa kiume. Mama akarudia swali, neno kwa neno. Kijana akasema familia inajua. Mama akageukia nyuma, "Mjomba, familia inajua?" Mjomba akasimama taratibu akasema familia haijakaa, arobaini yenyewe haijasomwa, na habari ya kufuli anaisikia leo hapa hapa. Akakaa.

Hapo kesi iliisha, yaliyobaki yalikuwa kuandika. Wakaamua kufuli litolewe, mimi nikae mpaka muda niliolipia uishe, na mwenye madai juu ya nyumba aje na barua ya mahakama. Kufuli alilifungua mjomba, siyo kijana, na funguo akanipa zote mbili, sijui alimaanisha nini maana lile kufuli halikuwa langu. Ninalo mpaka leo, zuri tu, nafungia stoo.

Baadaye Mahakama ya Mwanzo ilimteua dada yao mkubwa kuwa msimamizi. Alikuja na barua yake mkononi kabla hata sijaomba kuiona, akaniambia mdogo wangu muda wako ukiisha kodi itakuwa 50,000, nasema mapema ujipange. Ilikuwa kubwa lakini nikakubali, Magomeni nzima ilishapanda. Mkataba mpya tulienda kuuchapisha steshenari ya mtu mwingine, nikalipia stempu, na nakala ya tatu tukamwachia mjumbe.