Siku moja kwenye mashine ya soksi: jozi 64 za waendesha baiskeli

Oda ya leo ni jozi 64 za klabu moja ya baiskeli: 12 za saizi 36–39, 36 za 40–43 na 16 za 44–46. Rangi ni buluu iliyokolea, mkanda wa machungwa juu, nembo ndogo nyuma ya mguu. Wenyewe huendesha Karura asubuhi za kazi na kupanda Ngong wikendi, kwa hiyo soksi hizi zitakutana na vumbi jekundu, tope, jua na mafuta ya cheni. Karakana iko Kariobangi Light, Nairobi. Mashine ni mbili, za mtumba kutoka Italia, na mikono ni minne.

Saa 1:00 asubuhi

Mashine zinaanza kwa kufuma uzi wa taka, kama dakika ishirini. Asubuhi ya Julai mafuta huwa mazito na chuma ni baridi. Silinda, lile bomba linaloshika sindano, ikishapata moto, ukubwa wa kitanzi hubadilika. Soksi ya kwanza na ya ishirini, kwa mpangilio uleule, zinaweza kupishana sentimita nzima. Ukianza oda na mashine baridi utakuja kuhangaika jioni kutafutia kila soksi mwenzake. Soksi hizo za taka hazitupwi. Ndizo tunazofutia mashine.

Silinda zetu zina kipenyo cha inchi 3¾ na sindano 168. Hesabu ya sindano ndiyo inayoamua soksi itakuwa nyembamba kiasi gani. Sindano 144 hutoa soksi nene, nzuri kwa buti. Sindano 200 hutoa laini kabisa, ila uzi wake ni mwembamba na hauvumilii kisigino kinachosuguana na kiatu. Kwa baiskeli 168 inatosha: nembo inasomeka, na soksi haijazi kiatu.

Unene ni jambo zito kuliko watu wanavyodhani. Anayekimbia anagonga ardhi kila hatua, anahitaji mto chini ya wayo. Mwendesha baiskeli hagongi kitu; anasukuma pedali kwa soli ngumu, mara nyingi ya kaboni, ndani ya kiatu kilichobana. Ukimvalisha soksi yenye manyoya chini, kiatu kinakaza, damu inabanwa, na baada ya saa moja vidole vina ganzi. Analaumu viatu. Wakati mwingine ni soksi.

Saa 1:40

Kupanga koni za uzi. Uzi wa uso ni nailoni, kwa sababu ndio unaostahimili msuguano. Nyuma yake, kwenye kila kitanzi, unapita uzi wa elastani uliozungushiwa nailoni, unaofanya soksi ishike mguu bila kuunyonga. Chini ya wayo tunaingiza polipropilini, isiyonywa maji: jasho linasukumwa nje badala ya kukaa. Ukingo wa juu una uzi wake wa mpira.

Wateja huulizia pamba kila wiki. Pamba ni nzuri ukiwa umekaa. Ikilowa inabaki imelowa, inalegea, inajikunja chini ya wayo, na ngozi iliyolowa ikisuguliwa hutoa malengelenge. Anayeondoka Limuru kwenye ukungu tunamshauri sufu ya merino iliyochanganywa na nailoni: sufu inanyonya unyevu mwingi kabla mguu haujahisi maji, na haishiki harufu haraka. Sufu peke yake, bila nailoni, itatoboka kisigino mapema.

Jozi moja ya saizi ya kati ina uzito wa takriban gramu 40. Jozi 64 ni kama kilo 2.6, na ukiongeza uzi unaopotea kwenye sampuli, mikato na makosa, tunatenga kilo 2.8. Koni zote za buluu lazima ziwe na namba moja ya kundi la rangi. Buluu mbili zilizotiwa rangi siku tofauti zinafanana kabisa chini ya taa ya karakana. Zikitoka juani zinakuwa buluu mbili.

Saa 2:20

Sampuli mbili kwa kila saizi, halafu rula. Soksi inalazwa mezani na ukingo wake unavutwa kwa upana mpaka ukatae. Kwa saizi ya kati tunataka sentimita 18 hadi 19. Ikiishia 16 haitapita kisigino bila kupigana nayo, na ikishapita itachora pete kwenye ngozi. Ikifika 22 itashuka. Kipimo hichohicho kinarudiwa kwenye kifundo na katikati ya wayo, ambako kuna mkanda mwembamba wa elastani nyingi zaidi. Watu huuona kama pambo, lakini kazi yake ni kuzuia soksi isizunguke mguuni.

Hapa ndipo kisigino kinapoharibika au kutengenezeka. Silinda inapofika kisigino huacha kuzunguka mfululizo na kuanza kwenda na kurudi, ikifuma kwa nusu ya sindano tu, 84. Kila inapogeuka sindano moja inapumzishwa, mpaka umbo linakuwa jembamba, halafu sindano zinarudishwa kazini moja moja. Hivyo ndivyo mfuko wa kisigino unavyopatikana. Zikipumzishwa chache, mfuko ni mfupi na soksi itavutwa ndani ya kiatu mchana kutwa. Zikipumzishwa nyingi, kitambaa kinajaa juu ya kifundo na kufanya mikunjo. Njia ya kuangalia ni kuivaa, kuingiza mguu kwenye kiatu cha klipu, kile kinachonasa kwenye pedali, na kukunja kifundo kama mtu anayesukuma pedali. Soksi ikiwa juu ya meza haikuambii lolote kuhusu kisigino.

Saa 3:00

Mashine zote mbili zinaingia kazini. Soksi moja inachukua dakika nne hivi, mashine moja soksi 15 kwa saa, kwa hiyo soksi 128 ni zaidi ya saa nne kama hakuna kinachosimama. Kitu husimama.

Kosa la kwanza ni mstari unaoshuka wima kama ngazi. Hiyo ni sindano iliyovunjika kilimi, kile kijiti kidogo kinachofunguka na kufunga juu ya ndoano. Kilimi kisipofunga, kitanzi kinadondoka kila mzunguko. Sindano inabadilishwa, na jirani zake mbili zinakaguliwa kwa kidole, kwa sababu kilichovunja moja mara nyingi kimegusa na nyingine. La pili ni soksi inayozidi kuwa fupi bila mtu kugusa mpangilio: uzi unakaza mahali fulani, aghalabu koni imechakaa ukingo au vumbi la uzi limejaa kwenye kipete. Mkazo unaofaa ni mdogo mno, gramu chache tu, na kidole hakiwezi kuukadiria, tunatumia kipimo. La tatu ni doa la mafuta, jembamba, karibu kila mara upande mmoja. Linatoka likioshwa siku hiyohiyo. Likipigwa mvuke kabla ya kuoshwa halitoki tena.

Stima ikipotea katikati, soksi iliyoko kwenye silinda imekwenda. Hatujaribu kuiokoa.

Saa 4:30

Chai, na simu inaingia. Nahodha wa klabu ametuma picha WhatsApp: "Habari fundi. Wanachama wanaomba nembo iendelee mpaka juu ya vidole, inawezekana?"

"Salama kiongozi. Inawezekana, lakini haifai. Iache juu ya kiatu."

Jibu hilo tunalitoa mara nyingi, na sababu yake iko ndani ya soksi. Geuza soksi yenye picha upande wa ndani uone. Kila rangi isiyohitajika usoni inapita nyuma kama uzi mrefu uliolegea, halafu kisu cha mashine kinaukata na kuacha vishungi. Nyuma ya mguu vishungi havina neno. Juu ya vidole, kucha zinanasa uzi, na kila rangi iliyoongezwa inaongeza unene pale ambapo kiatu hakina nafasi. Tena uzi wa picha hauvutiki sawa na uzi wa mwili, kwa hiyo sehemu yenye nembo kubwa inakuwa ngumu kuvaa. Pambo linakaa pale linapoonekana, kati ya kifundo na shavu la mguu. Chini ya hapo ni kazi tupu: wavu juu ya mgongo wa mguu kupitisha hewa, mkanda wa wayo, nailoni zaidi kisiginoni na vidoleni.

Kuchora nako kuna adabu yake. Turubai ina nguzo 168 tu, yaani safu za wima za vitanzi, moja kwa kila sindano, kuzunguka mguu mzima, yaani 84 kwa upande unaoonekana. Herufi yenye upana chini ya nguzo tano haisomeki. Duara lililochorwa duara kwenye kompyuta huvaliwa likiwa yai lililolala, kwa kuwa mguu unavuta kitambaa kwa upana. Tunalichora refu kidogo ili mguu ulinyooshe. Mistari myembamba ya wima hupinda ikifika shavuni. Mikanda ya mlalo haina shida, ndiyo maana imedumu miaka yote hii.

Kuhusu rangi, weupe bado unapendeza kuliko zote juu ya baiskeli, na murram haina huruma nao. Machungwa au njano kali kwenye kifundo ina faida nyingine: kifundo kinachopanda na kushuka kinamfanya dereva atambue haraka kwamba mbele kuna mtu anayekanyaga pedali. Uzi wa kuakisi mwanga unafaa pia, ila unakwaruza na hauvutiki, kwa hiyo tunauweka nyuma tu, juu ya kifundo, mistari miwili.

Saa 6:00 mchana

Kufunga vidole. Mashine zetu zinatoa soksi ikiwa wazi mbele. Cherehani ya kawaida ya kufungia inamaliza soksi kwa sekunde chache lakini inaacha tuta, na tuta hilo linakaa juu ya ukucha wa kidole gumba ndani ya kiatu kilichobana. Kwa baiskeli tunatumia mashine ya duara yenye vijiti: kila kitanzi cha juu kinavalishwa kijiti pamoja na cha chini yake, kisha uzi unapita. Ni kazi ya macho. Ukiruka kitanzi kimoja, tundu halionekani leo. Litafunguka baada ya kufuliwa mara mbili tatu. Dada anayeifanya huweka taa upande wa kushoto na hapendi kuongeleshwa. Anayevaa akipitisha kidole ndani ya soksi asihisi mshono, basi imefungwa sawa.

Saa 7:30 ni githeri, haraka.

Saa 8:15

Soksi zinaoshwa kuondoa mafuta ya mashine, zinakamuliwa, zinavalishwa kalibu za aluminiamu zenye umbo la mguu na kupigwa mvuke. Hapo ndipo saizi inapokaa. Kalibu ikiwa kubwa kuliko soksi, utapata soksi nzuri ya kuuza itakayorudi kuwa ndogo ikifuliwa. Joto likizidi, elastani inachoka na ukingo unalegea kabla haujavaliwa hata mara moja. Polipropilini huyeyuka karibu nyuzi 160 za Selsiasi, kwa hiyo mvuke ndiyo, pasi kavu hapana.

Saa 9:30

Kukagua na kuoanisha. Jozi hutoka mashine moja, zilizofuatana. Mashine namba moja na namba mbili hazikubaliani kamwe, hata tuzipange vipi. Mkono unaingizwa ndani, soksi inanyooshwa mbele ya taa, inazungushwa. Leo zimekataliwa soksi tano: tatu za ngazi, moja ya doa, moja nembo imehama nguzo mbili. Zinafumwa nyingine tano, na hilo ndilo litakalotuchelewesha.

Saa 10:45 jioni

Nahodha amefika. Swali lake ni la urefu, na tangu mashindano ya dunia ya barabara yafanyike Kigali Septemba 2025, mara ya kwanza Afrika, tunaulizwa sana. Kanuni ya shirikisho la kimataifa, UCI, haitaji sentimita. Inasema soksi isipande juu ya nusu ya umbali kati ya katikati ya kifundo cha nje na kile kinundu cha mfupa kinachogusika upande wa nje, chini kidogo ya goti. Kama umbali huo kwako ni sentimita 36, mwisho wako ni 18 juu ya kifundo. Mwenzako mfupi mwenye 32 anaishia 16. Soksi ileile inaweza kumruhusu mmoja na kumnyima mwingine, kwa hiyo ipimwe ikiwa mguuni, imevutwa juu kabisa. Za leo ni fupi vya kutosha; hakuna atakayeguswa.

Ufuaji tunamwambia kwa mdomo, kwa sababu karatasi hutupwa. Soksi igeuzwe ndani nje, maji baridi au vuguvugu, sabuni kidogo. Tope jekundu likauke kwanza, lipigwe brashi, ndipo lione maji. Ukiliosha bichi unalisukuma ndani ya uzi. Mafuta ya cheni, ambayo hukaa soksi ya kulia kwa sababu cheni iko kulia, yapakwe sabuni ya vyombo kabla ya maji yoyote. Jik hapana, inakula elastani na kufifisha rangi. Kilainishi hapana, kinapaka uzi utando na jasho linakosa pa kupitia. Zianikwe kivulini, zikining'inia kwa vidole, ili uzito wa maji usivute ukingo. Na kulia na kushoto kwenye soksi hizi ni sawa, kwa hiyo zibadilishane.

Saa 11:40

Zimebaki jozi tatu za 44–46. Zitamalizwa kesho kabla ya saa nne na kupelekwa na boda. Silinda zinapulizwa hewa kutoka juu kwenda chini, kwani ukipuliza kutoka chini vumbi la uzi linaingia kwenye mifereji ya sindano na kesho utakuwa na ngazi nyingine. Matone machache ya mafuta kwenye kila mfereji mkuu, mizunguko kumi kwa mkono. Mashine namba mbili imekula sindano tatu leo, zote upande mmoja. Hiyo si bahati mbaya: kamu inayosukuma sindano upande huo inaanza kulika, na asubuhi itafunguliwa kabla ya koni yoyote kuwekwa.