Kidonda kwenye ngozi iliyopigwa mionzi

Mgonjwa wa Bukavu anayevuka mto Rusizi kwenda Kigali kutibiwa saratani kwa mionzi huogopa zaidi ngozi kuungua. Mimi namwogopea jino litakalong'olewa miaka mitano baadaye.

Mionzi huua seli za saratani kwa kuharibu vinasaba vyake, lakini seli nzima za jirani nazo huumia. Zile zinazofuma nyama mpya hupungua, na mishipa midogo ya damu huota unene ndani hadi njia yake inabana. Sehemu hiyo hubaki na oksijeni kidogo kwa miaka, hata kama kwa macho ngozi ni nzuri.

Kwa titi, dozi moja inayotumika sana ni jumla ya gray 40 (gray ni kipimo cha mionzi), ikigawanywa mara 15 kwa wiki 3. Ngozi huanza kubadilika wiki ya pili au ya tatu, na huwa mbaya zaidi wiki moja hadi mbili baada ya mionzi kwisha, yaani mgonjwa akiwa tayari nyumbani. Aoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo na manukato, akaushe kwa kugusagusa tu. Plasta hapana: ikibanduliwa huondoka na ngozi. Fundo la kikwembe cha kubebea mtoto na kamba ya mzigo visipite hapo. Ale sambaza (samaki wadogo wa ziwa Kivu) na maharagi kila siku, maana nyama mpya hujengwa kwa protini. Sigara aache, hubana mishipa ileile iliyokwisha kubanwa.

Operesheni ikitangulia, kidonda kifunge kwanza kabla ya mionzi, kwa kawaida wiki 3 hadi 6. Mionzi ikitangulia, wapasuaji wengi husubiri wiki 4 hadi 6 kabla ya kupasua.

Sasa taya, kwa anayepigwa mionzi mdomoni au shingoni. Meno mabovu yang'olewe kabla ya mionzi, angalau wiki 2, afadhali 3. Taya lililopata gray 60 na zaidi, jino liking'olewa baadaye, mfupa unaweza kufa na kubaki wazi miezi. Kwa hiyo jino likiuma, kutibu mzizi ni bora kuliko kung'oa. Omba karatasi yenye sehemu iliyopigwa, jumla ya gray, idadi ya vipindi na tarehe. Mwonyeshe kila muganga atakayeshika kisu au koleo.

Na kidonda kipya hapo kisichofunga kwa wiki kadhaa kisipakwe dawa tu, kwa sababu huenda ni saratani imerudi. Kipimwe, lakini na muganga anayejua historia ya mionzi, maana hata kukata kipande cha kupima ni kuongeza kidonda kingine.