Kate Bush na mashine yenye kumbukumbu fupi

Leo ni Hounds of Love tena, albamu ya mwimbaji Mwingereza Kate Bush, na sikio langu limenasa palepale linaponasa siku zote: ile sauti inayolia mwanzoni mwa wimbo Running Up That Hill. Wengi hudhani ni gitaa. Ni sampuli, yaani kipande kifupi cha sauti iliyorekodiwa, ya selo iliyokuwa ndani ya Fairlight CMI, kompyuta ya muziki iliyoundwa Australia, na Kate Bush akaipiga kwa kibodi.

Uwezo wa mashine ile ulikuwa mdogo mno. Noti 8 kwa wakati mmoja, basi. Kila noti ilitengewa kilobaiti 16 za kumbukumbu kwa ubora wa biti 8, yaani sekunde moja hivi ya sauti, na hupungua ukitaka isikike safi zaidi. Ukipanda juu, mashine huisoma sampuli ileile kwa kasi, kwa hiyo noti inafupika na sauti inakuwa nyembamba, kama ya kubana pua. Ukishuka, inarefuka na kukwaruza.

Anayejaribu kuipata sauti hiyo leo kwenye laptopu hukosea hapo. Anachukua rekodi safi ya selo, programu inamtunzia urefu wa kila noti, na kinachotoka ni kizuri ila kimepoa. Chukua kipande kisichozidi sekunde moja, kishushe hadi biti 8, zima kabisa kile kinachosawazisha urefu wa noti, kisha piga mbali na noti iliyorekodiwa. Mkwaruzo unakuja wenyewe. Chini yake shikilia noti moja bila kuiachia, akordi zipite juu yake, maana ndivyo wimbo ule ulivyosimama karibu mwanzo hadi mwisho. Mapigo Del Palmer, mpiga besi wake, aliyapanga kwenye LinnDrum, mashine ya dramu, na mpiga dramu Stuart Elliott akaja kuongeza dramu zake baadaye.

Nachosisitiza ni kwamba kazi ya namna hii inataka muda usiohesabiwa. Mwaka 1982 Kate Bush alitayarisha albamu ya The Dreaming mwenyewe, akihama studio moja ya kukodi hadi nyingine, na gharama zikapaa. Mwaka uliofuata akajenga studio yake kwenye East Wickham Farm, nyumbani kwa wazazi wake, ukingoni mwa London. Pale mtu anaweza kukaa na sampuli moja siku nzima pasipo mwenye studio kuangalia saa. Matunda yake, Hounds of Love, yalitoka Septemba 1985: upande wa kwanza nyimbo 5, na upande wa pili The Ninth Wave, vipande 7 vya mwanamke anayeelea baharini usiku, peke yake, akingoja kuokolewa. Kwangu upande huo wa pili ndio kilele cha kazi yake yote. Usiusikilize kwa kurukaruka.

Running Up That Hill nusura utoke na jina lingine. Mwenyewe aliuita A Deal with God, kampuni yake ya rekodi, EMI, ikahofia kwamba redio za baadhi ya nchi zingeukataa kwa sababu ya neno Mungu, akakubali kulibadilisha. Ulifika nafasi ya 3 Uingereza. Mwaka 2022, baada ya kusikika kwenye tamthilia ya Stranger Things, ukapanda hadi nafasi ya 1, miaka 37 tangu utoke, na miaka 44 tangu Wuthering Heights, wimbo alioutunga mwenyewe na kushika namba moja akiwa na miaka 19.

Wakizungumzia ushawishi wake, watu huwataja waimbaji Björk na Tori Amos, na ni haki. Mimi humtaja kwanza Big Boi wa kundi la OutKast, rapa wa Atlanta aliyempenda tangu ujana, na ndiye aliyesimama kumtambulisha mwaka 2023 Kate Bush alipoingizwa kwenye Rock and Roll Hall of Fame, orodha ya heshima ya wanamuziki huko Marekani. Sishangai hata kidogo. Kukata sekunde moja ya sauti, kuipandisha na kuishusha mpaka iwe ala mpya, ni kazi ambayo maprodyuza wa hip hop wanaijua kwa vidole vyao.

Na jukwaani pia alitafuta njia yake. Katika ziara ya 1979 alitaka kuimba huku akicheza kwa mikono miwili, na maikrofoni ya kushika ingemfunga mkono mmoja. Fundi wake wa sauti akakunja waya wa hanga ya nguo, akaufungia kipaza sauti kidogo, na Kate akauvaa kichwani.