Siku tatu, vibao tisa: nilivyoshika nafasi ya mpiga dramu wa bendi ya metali

Simu ilinikuta Jumatano usiku. Mpiga gitaa la ridhimu wa bendi moja ya metali, ule muziki wa roki mzito wa magitaa makali, tunayefahamiana kwa salamu tu, hakuzunguka: mpiga dramu wao ametegua kifundo cha mkono, shoo ni Jumamosi, vibao ni tisa. "Kaka, tuokoe." Nikakubali kabla sijauliza hata kasi ya vibao vyenyewe.

Niliposikiliza rekodi zao, jasho likanitoka. Viwili vilipita mapigo 200 kwa dakika, na kimojawapo kilikuwa na kipande kirefu ambacho mikono na miguu inamwagika pamoja kama mvua ya mawe juu ya bati. Kwa kasi hiyo, ukijaza pedali pacha, zile mbili za kugongea dramu kubwa kwa miguu yote, bila kuacha pengo, miguu inagonga zaidi ya mara 13 kwa sekunde moja. Yangu inahimili mapigo 190 nikiwa nimelala vizuri. Asubuhi nikampigia nikamweleza hali halisi: saba nitapiga kama vilivyo, kimoja nitapunguza miguu, na hicho cha mvua ya mawe kitoeni. Nilitegemea atanuna. Akacheka, akasema hata mpiga dramu wao mwenyewe huwa kinamchosha njiani. Wakaweka cha zamani, cha mwendo wa taratibu. Nimeshawaona wapiga dramu wakinyamaza mahali kama hapo kwa kuona haya, halafu haya yenyewe wakaionea jukwaani mbele za watu.

Siku hiyo nilijiliwaza na kisa cha bendi ya metali ya Metallica kwenye tamasha la Download, Uingereza, Juni 2004. Mpiga dramu wao, Lars Ulrich, aliugua, bendi ikapanda jukwaani na wapiga dramu wa kuazima: Dave Lombardo wa Slayer, Joey Jordison wa Slipknot, na Flemming Larsen. Watu husimulia wale wawili wa mwanzo. Aliyenivutia mimi ni huyo wa tatu, kwa sababu kazi yake ilikuwa kufunga na kutunza dramu za Ulrich. Alikuwa amevisikia vibao vile shoo baada ya shoo, tena kutokea jukwaani kwenyewe. Na kama unaona vibao tisa ni vingi, mpiga dramu Jon Dette mwaka 2013 alizipigia bendi za Slayer na Anthrax, zote mbili, kwenye tamasha la Soundwave kule Australia. Mimi nina bendi moja na tayari nalalamika.

Kisa cha Larsen ndicho kilichonizindua. Nikaomba wanitumie rekodi ya shoo yao ya mwisho, hata ya simu, hata kama inakwaruza. Ikaja, na kweli ilikuwa mbovu, sauti imejaa kelele za watu. Lakini ilinionyesha mambo ambayo rekodi ya studio haina. Vibao karibu vyote vilikuwa vinakwenda mbio zaidi. Cha tatu kilikuwa kinaunganishwa na cha nne bila kupumua. Kimoja, ambacho studio kinakata ghafla, jukwaani kilikuwa kinaburutwa mwisho hadi mwimbaji achoke.

Sikuandika nota. Kila kibao nilikipa nusu karatasi: rifu (kipande cha gitaa kinachojirudia) ya kwanza mara nne, kuimba mara nane, kimya, rifu nzito, solo, mwisho. Vijiti sikuvigusa mchana kutwa. Nilitembea chumbani nikiimba magitaa kwa mdomo, zigi-zigi-zigi-du, kama mwendawazimu.

Kuimba huko kulikuwa na sababu. Kwenye metali miguu ya mpiga dramu mara nyingi inafuata mkono wa kulia wa mpiga ridhimu, ule unaokwangua nyuzi zilizozibwa kwa kiganja. Nilikuwa naanzia mahali pasipo, nikijaribu kunakili kila pambo la mpiga dramu mwenzangu: ngoma hii ya tomu, toazi lile. Mkono ule ukishauelewa, pambo ukilikosa hakuna atakayejua. Ukiachana nao kwa nusu pigo tu, ukumbi mzima unasikia matope. Kwa hiyo Ijumaa, kwenye mazoezi yetu pekee ya saa mbili, ombi langu lilikuwa moja: mpiga ridhimu asimame upande wangu wa kushoto, usawa wa haihati, yale matoazi mawili ya kukanyaga, na mkono wake nisiupoteze machoni.

Mazoezi yenyewe hatukuyatumia kupiga vibao vizima. Tulipiga mianzo, miunganiko na miisho. Mwisho wa kile cha kuburutwa tuliurudia mara sita.

Jumamosi nilibeba vyangu vitatu: pedali, snea (ngoma ndogo yenye mlio mkali) na vijiti. Vingine vilikuwa vya yule mpiga dramu aliyeumia, ambaye ni mrefu kuliko mimi, na matoazi yake yananing'inia juu kama nguo za kuanikwa. Kabla sijashusha chochote nilibandika utepe kwenye kila stendi kuonyesha alipokuwa amekaza. Kiti nacho nilikitia alama. Kitu cha mtu ni cha mtu.

Vibao vitano vya mwanzo vilikwenda. Cha sita kina kituo cha kughilibu: bendi inakata, kimya cha mapigo manne, kisha wote wanarudi kwa kishindo. Nikahesabu moja, mbili, tatu, nne, nikashuka na toazi na dramu ya mguu kwa nguvu zangu zote. Peke yangu! Mwimbaji alikuwa ameamua kuwasemesha watu kidogo. Mlio ule ukaning'inia ukumbini, watu wakacheka, na mimi nikatamani kuingia ndani ya dramu. Mpiga ridhimu hakunitazama usoni. Alinyanyua tu mkono wa kulia juu ya nyuzi, akauacha hapo, ukakaa, ukakaa, kisha akaushusha. Nikashuka nao.

Kuanzia hapo sikuhesabu tena vimya, niliangalia mkono. Kile cha kurahisisha miguu nilikipita bila aliyelalamika, ingawa paja la kushoto lilikuwa linawaka moto.

Mwenye dramu alitazama shoo nzima akiwa pembeni mwa jukwaa, mkono umefungwa bandeji, kisigino kikigonga sakafu. Tulipomaliza alinikuta nimepiga magoti narudisha stendi kwenye alama za utepe. Akachuchumaa, akakagua moja, akakagua ya pili.

"Kile cha sita," akasema, "na mimi kilishanifanya hivyo hivyo. Mara mbili. Ningekutumia ujumbe, ila nikataka nione kama ni mimi peke yangu."