Mpira uliochimba ardhi

Jana usiku dogo wa kidato cha tano kaniletea swali: mpira umepigwa kwa mita 20 kwa sekunde, nyuzi 30 kutoka ardhini; utapanda kimo gani na kutua umbali gani? Nikajitia mjuzi, nikabonyeza 20 mara sine 30 kupata mwendo wa kupanda. Jibu: hasi 19.76. Yaani mpira unachimba kaburi! Dakika arobaini tunakagua fomula, kumbe kikokotoo kiko kwenye radiani, kipimo kingine cha pembe. Kurudisha nyuzi tu, ikatoka 10. Tukachukua mvutano wa dunia kuwa 10, yaani kila sekunde unapunguza mita 10 kwa sekunde kwenye mwendo wa kupanda: unapanda sekunde moja, unashuka moja, kimo mita 5. Mwendo wa mlalo haupungui (hewa tumeisahau makusudi), hivyo 17.3 (20 mara kosine 30) mara sekunde 2, umbali kama mita 34.6. Dogo akanitazama: "Kaka, wewe fizikia ulipata ngapi?" Nikamwambia akalale.