Vidonda vya tumbo vilikuwa vinanirudia, kumbe mdudu bado yumo

Miaka minne nimeishi na vidonda vya tumbo na mambo yalikuwa yaleyale kila mara, saa nane usiku naamka kwenye chembe ya moyo panawaka moto, nameza omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni, wiki kadhaa, panatulia, nasema alhamdulillah nimepona, halafu baada ya miezi michache moto uleule palepale. Nikawa nalaumu mawazo, nalaumu kukaa na njaa, kumbe sijawahi hata kupima bakteria.

Mdudu mwenyewe ni Helicobacter pylori. Watu wengi sana duniani wanaye na wala hawaumwi, lakini kwa wengine ndiye anayekula ngozi ya tumbo na ya utumbo mdogo mpaka panachimbika kidonda. Anachofanya ni kutengeneza amonia inayopoza asidi pale alipo, kisha anajichimbia chini ya ute wa tumbo. Sasa wewe ukimeza dawa ya kupunguza asidi peke yake kidonda kinapata nafasi ya kufunga, ila aliyekichimba yupo, anasubiri tu umalize vidonge. Zamani hata madaktari walikuwa hawaamini, mpaka daktari mmoja wa Australia, Barry Marshall, mwaka 1984 akanywa hao bakteria mwenyewe na ukuta wa ndani wa tumbo lake ukapata uvimbe kweli, na mwaka 2005 yeye na mwenzake Robin Warren wakapewa Tuzo ya Nobel. Kila nikikumbuka hilo naona uchungu jinsi nilivyopoteza miaka minne.

Nilipopima choo na kukutwa naye nilipewa antibayotiki mbili pamoja na omeprazoli, siku 14. Siku ya sita tumbo kimya, mdomoni ladha ya chuma haiishi, nikaacha. Hapo nilikosea vibaya, naomba usifanye hivyo, kwa sababu wanaobaki ndio wale wagumu na dawa ileile huenda isiwafanye kitu tena. Nilirudi hospitali nimeshikilia tumbo.

Dozi ya pili ilikuwa nzito, tetrasaiklini, metronidazoli, bismathi na omeprazoli, asubuhi nilikuwa napanga vidonge mezani kwa safu, safu ya asubuhi, ya mchana, ya jioni, ya kulala, ili nikiona safu haijaisha najua nimesahau. Siku ya tatu nikaona ulimi mweusi na choo cheusi, nikaogopa sana, nikampigia daktari akaniambia ni bismathi hiyo, ikiisha dawa kitaondoka. Ila akanisisitiza, choo kikiwa cheusi kinanata kama lami, kizunguzungu, au ukatapika damu, hiyo ni damu inavuja ndani na unakwenda hospitali saa hiyohiyo.

Nikamaliza zote. Sasa kitu ambacho wengi tunaruka ni kurudi kupima. Kusikia nafuu hakukuambii kama mdudu ameisha. Unasubiri angalau wiki nne tangu umalize antibayotiki, omeprazoli uwe umeiacha wiki mbili maana inaweza kumficha, halafu unapima choo au pumzi. Kipimo cha damu hapa hakikusaidii, kinaweza kusoma una mdudu hata kama ameshakufa kitambo, kwa hiyo ukipewa hicho uliza kama kuna kingine.

Zile wiki nne zilikuwa ndefu kuliko dozi yenyewe, kila tumbo likinguruma moyo unaruka. Majibu yakatoka hayupo. Ni mwaka wa pili huu nalala usiku kucha. Kitu pekee ninachokiangalia sasa ni dawa za maumivu, zile za jamii ya diklofenaki, ibuprofeni na aspirini, kwa sababu zenyewe zinachimba vidonda hata bila bakteria, kwa hiyo popote nikiandikiwa dawa nasema mapema, mimi nilishawahi kuwa na vidonda.